Asisti ya Elikia

Mutoni alitoka ofisini kwa mkuu wa idara akitembea polepole, kwa sababu alijua akikimbia atavunja kitu cha watu. Wanafunzi wawili walimsalimia kwenye ngazi, hakuwaitikia. Mlinzi wa geti akamtania kama kawaida yake, naye akapita kama hajasikia. Kichwani alikuwa na jina moja tu, na jina hilo alikuwa analitafuna.

Elikia. Elikia Mukengere. Ee Mungu, nipe subira na huyu mtu!

Maana haiwezekani. Mtu unasoma miaka mitatu, unakuwa kiongozi wa darasa, unawabembeleza walimu huku na wanafunzi kule, halafu umebakiza mwezi uvae joho, unaitwa ofisini na kuambiwa alama zako za Sheria za Forodha zimesimamishwa. Bila somo lile hakuna joho. Bila joho, ile kazi aliyoahidiwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo mpakani angepewa mwingine, na hakuna ambaye angempigia simu kumwambia pole.

"Kwa kosa gani, Doctor?" alikuwa ameuliza kwa Kinyarwanda.

Doctor Nzabonimana, mkuu mwenyewe, alikulia Uganda. Kifaransa hakukijua hata cha kusalimia. Alikuwa mtu mpole, ila kwenye mitihani hakuwa na mchezo. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Rafiki yako amekuja mwenyewe asubuhi. Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba mlisaidiana kwenye mtihani. Nilimuuliza mara ya pili, nikidhani nimemsikia vibaya. Akasema ndiyo, sana, wewe na yeye pamoja. Tena akitabasamu."

Hilo la kutabasamu ndilo lililomchoma Mutoni. Tabasamu lile alilijua. Lilikuwa limemtoa yeye nyumbani kwao siku nyingi alizoapa kwamba hatoki, na limemfanya asamehe mambo ambayo mwanamke mwenye akili zake hasamehi. Sasa limekwenda kumwuza kwa mkuu wa idara, asubuhi na mapema, bure.

Uwanja wa mazoezi ulikuwa chini ya chuo, na ukisimama kwenye kona yake unaliona ziwa Kivu na milima ya Bukavu ng'ambo ya mpaka. Elikia alitoka huko ng'ambo. Alikuwa Mshi, wa kabila la huko, mtoto wa Maman Nzigire anayevuka mpaka kila siku na bidhaa zake kichwani. Chuo kilimleta kwa ajili ya miguu yake. Kilimsamehe karo, kikampa kitanda na jezi namba nane, na tangu hapo mji mzima wa Kamembe ulimwita Papa Asisti, kwa vile magoli hakuyajali kufunga; raha yake ilikuwa kumpa mwenzake pasi ya mwisho, pasi tamu ambayo hata kipofu angefunga. Watoto wa mtaani waliiga mwendo wake. Wasichana wa mwaka wa kwanza walipenda kupita karibu naye.

"Elikia!"

Alikuwa anapiga danadana na wenzake. Aligeuka, akamwona, na uso wake wote ukawaka. Hata leo, hata na hasira zile, Mutoni alijikuta anataka kutabasamu, naye akajichukia.

"Cherie! Ngoja kidogo tumalize..."

"Kuya hapa. Sasa hivi."

Wenzake wakaguna na kucheka. Elikia akaja mbio nyepesi, soksi zimeshuka, jasho linamtiririka shingoni.

"Ulienda kwa Doctor?"

"Eee!" Alipiga makofi mara moja, kama mtoto. "Umesikia? Nilienda mwenyewe! Bila weye, bila coach. Na nilisema paka Kingereza tupu, Mutoni, tangu mwanzo mpaka mwisho. Si weye njo unaniambiaka, siku moja jisemee? Basi nilijisemea."

"Ulimuambia nini?"

"Ukweli. Bameandika eti sikufanya mutihani, nilipata zero ya kukosekana. Na weye uliniona nilifika, nilitoka mu match nikaingia na bisoksi byote! Basi nilienda kumuambia nilikuwa mule."

"Elikia." Mutoni alivuta pumzi. "Doctor anasema ulikiri tulisaidiana. Eti miye nilikupatia majibu. Tulikuwa mbalimbali sawa vile kisiwa cha Nkombo na hapa, ni pirogi gani ilivuka ikakuletea hayo majibu?"

Elikia akaduwaa. "Majibu? Nani amesema majibu? Jamais! Muulize."

"Ameshaniuliza yeye. Pointi zangu bamefunga. Zangu, Elikia! Sasa niambie maneno yenye ulisema. Usiongeze, usipunguze."

Alijiweka sawa, akakohoa, akashika mikono nyuma kama mtu anayesoma Neno kanisani. "Nilisema: Doctor, ai asisted ze egzam. Wiz Mutoni."

Mutoni akamwashiria aendelee.

"Akaniuliza: yu asisted? Nikamujibu: Yes, Doctor! Veri much! Mutoni and mi, wi asisted tugeza." Akatabasamu, ila sasa tabasamu lilianza kutafuta mahali pa kujificha. "Ni mubaya? J'ai assisté à l'examen. Si njo vile banasema?"

Mutoni akakaa chini kwenye nyasi na sketi yake nzuri ya chuo, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Kwa muda Elikia hakujua kama analia au anacheka, na kusema kweli Mutoni mwenyewe hakujua.

"Ni Kifaransa hicho," alisema kutoka nyuma ya viganja. "Kwa Kifaransa umehudhuria. Kwa Kingereza, umesaidia. Umemuambia Doctor tulisaidiana ku mutihani, weye na miye, pamoja, sana sana."

"Non."

"Oui."

"Lakini..." Elikia alichuchumaa mbele yake. "Lakini mu mupira asisti..."

"Mu mupira asisti ni nini, Papa Asisti? Si kumupatia mwenzako afunge? Hata mutoto wa barabarani anajua! Weye neno unaitiwa kila siku, haukujiuliza linasema nini?"

Hapo Elikia akaelewa, na rangi ikamtoka. Alinyoosha mkono amguse bega. Mutoni akaukwepa.

"Nitarudia kwa Doctor. Nitamuambia nilikosea."

"Kwa luga gani?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Aliliona linamwingia Elikia machoni, na angeweza kunyamaza hapo, lakini alikuwa ameshafungulia bomba.

"Miaka mitatu! Notes zako nani anakuandikiaka? Miye. Kazi ya mwalimu, nani anaitafsiri, anaibeba, anaipeleka? Miye. Ukienda match Huye, nani anakuombea ruhusa? Ukichelewa, nani anaenda kuangukia baprof magoti? Uwanjani weye njo unatoa pasi, bantu banakushangilia. Mule darasani miye njo natoa pasi kila siku, na weye hata goli haufunge! Na hakuna hata mumoja anajua jina langu."

"Miye najua."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mutoni, unafikiri niliendea nini kwa Doctor? Nilichoka kusikia bananiita mutoto wako. Nilitaka kintu kimoja tu nikifanye bila weye. Kimoja."

"Na hicho kimoja kimenifukuzisha."

Alimpenda. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi ya yote. Kama asingempenda angempigia Doctor simu palepale, aeleze kila neno kwa Kiingereza chake safi, ayamalize, kisha amwambie huyu bwana kwaheri. Badala yake alikuwa ameketi kwenye nyasi akiitazama mikono mikubwa ya Elikia iliyokuwa inachuma majani bila kujua, na akitaka kuishika.

Kocha Damascène akawafikia kabla hawajasema zaidi, simu mkononi, filimbi ikimning'inia. Kocha alikuwa mtu wa kutatua mambo. Jambo likimkuta jioni, linalala limetatuliwa. Limetatuliwa vizuri au vibaya, hilo si lake.

"Nimeongea na Doctor," alisema. "Msiogope. Anatoa njia mbili. Ya kwanza, Elikia aje Jumamosi asubuhi, atahojiwa kwa mdomo juu ya mtihani ule, ionekane kama kazi ni yake. Hiyo hatuitaki, Jumamosi tuna nusu fainali Huye. Ya pili, mnasaini leo barua ya kuomba msamaha, nyote wawili, mnarudia somo mwaka ujao, yanaisha. Kijana wangu anacheza."

"Mwaka ujao?" Mutoni alisimama. "Niombe msamaha wa kosa gani?"

"Aa, Mutoni, we ni mtoto mwenye akili. Mwaka ni nini? Joho halitaoza. Chuo hakijafika nusu fainali tangu kianzishwe."

Mutoni alimgeuzia kocha mgongo. Alimtazama Elikia. Alimpa nafasi, akamngojea. Angetosheka na neno moja tu, hata likiwa la Kifaransa, hata likiwa limekosewa. Elikia alimwangalia kocha, akawaangalia wenzake waliosimama na mpira, akaangalia chini.

"Coach anajua..." alianza.

"Basi coach akuoe," Mutoni alisema, akaondoka.

*

Maman Mukankusi, mama yake Mutoni, alikuwa barazani anachambua sambaza za chakula cha mchana, visamaki vilivyofika asubuhi na mitumbwi ya Nkombo. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Mutoni alisubiri lile neno lililozoeleka: kwamba wachezaji ni watu wa kupita, kwamba miguu huisha, kwamba kijana wa ng'ambo siku moja hurudi ng'ambo. Alikuwa ameshaandaa majibu ya yote.

"Mutoni," mama alisema, "siku batakuya kuongea mambo ya dote, ya mahari yako, mbele ya bajomba yako, huyo kijana nani atamusemea?"

"Maman, banakuyaka na wazee babo, kijana haongee."

"Najua. Na nyuma ya hapo? Mu nyumba?"

Mutoni akavua viatu vyake vya chuo.

"Weye ulizaliwa tulikuwa tumesharudia huku," mama aliendelea. Alikuwa amekulia Bukavu yeye na mumewe, na hata sasa Kiswahili cha kule ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba ile. "Papa yako Kinyarwanda kilimushinda. Alikuwa na haya, aliogopa bantu bamucheke. Basi miye nikamusemea. Ku ofisi, miye. Ku soko, miye. Nilifikiri ni mapendo. Ilikuwa mapendo, sikatai. Hata siku alianguka na bamupeleka ku hopitali, muganga anamuuliza fasi gani inamuuma, yeye ananiangalia miye. Na miye nikasema tumbo, juu mangaribi ya jana yake alilalamika tumbo."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Haikuwa tumbo," alisema. "Baliangalia tumbo siku nzima."

Mutoni alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Alijua tu kwamba baba yake, Papa Niyonshuti, aliugua ghafla akafa, kama watu wanavyougua na kufa. Alipiga magoti karibu na mama yake, akaanza naye kuchambua samaki.

"Sikatai kijana juu ya mupira," mama alisema baadaye. "Mupira ni kazi sawa kazi. Na sikatai juu ya Bukavu, miye mwenyewe ni wa Bukavu. Ninakatalia muntu anaikala kimya na mwanamuke anasema. Umemusikia leo?"

"Nilimusikia, Maman. Alisema coach anajua."

"Eee," mama alisema. "Basi."

Simu ya Mutoni iliita mchana ule wote. Jina la Elikia liliwaka na kuzimika, likawaka na kuzimika, mpaka akaigeuza kifudifudi. Alijilaza, akaamka, akafua nguo zilizokuwa safi. Mara tatu alishika simu ampigie Doctor Nzabonimana amweleze lile neno, maana lilikuwa jambo la dakika moja. Kila mara akaiweka chini. Akimwokoa Elikia na hili, atamwokoa na la kesho, na la kesho kutwa, na siku moja ataulizwa inauma wapi.

Ijumaa asubuhi akamkuta Elikia kwenye geti la kwao. Alikuwa amesimama upande wa nje, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Hakuthubutu kubisha hodi.

"Nilimuambia coach apana," alisema kabla hata ya salamu.

Mutoni alishika komeo. "Apana gani?"

"Siende Huye. Sisaini. Kesho niko kwa Doctor." Alimeza mate. "Coach amekasirika. Amesema nisipopanda bus, nisirudie ku mazoezi, na mambo ya kitanda na karo nitajua mwenyewe. Maman wangu bado hajajua. Nilimuambia coach: Mutoni hakukosa kintu. Nilipashwa kusema jana, mbele yako. Sauti ilikataa kutoka. Pardon."

Kumtazama lilikuwa kosa. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vibaya, na kidevuni alama ya dawa ya meno, na Mutoni alitamani kuifuta kwa kidole gumba chake. Aliiacha pale.

"Umesoma?" aliuliza.

"Nilianza."

"Ulianza! Elikia, mara ngapi ulikosa hilo somo?"

"Mingi."

"Na unataka kujibu kwa mudomo, kwa Kingereza, mbele ya Doctor Nzabonimana."

"Ndiyo."

"Yesu Maria."

Elikia akacheka kidogo, kisha akaacha. Alishika fito za geti upande wake, vidole vyao vikakaribiana bila kugusana. "Utakuya? Uasisti?"

Mutoni alimkazia macho. "Kwa Kifaransa ama kwa Kingereza?"

Elikia alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Mutoni alimwona anapima neno kabla ya kulitoa.

"Kwa Kifaransa," alisema. "Uikale tu. Usinisaidie."

*

Jumamosi chuo kilikuwa kitupu, nusu ya watu wako Huye na nusu wako kwenye redio. Doctor alimruhusu Mutoni kukaa kwenye benchi nje ya mlango, mlango ukiwa wazi, kwa sharti kwamba akifungua mdomo kikao kimeisha.

Jambo la kwanza, Doctor aliweka mezani karatasi ya mtihani.

"Nimeipata kwenye zile zisizo na mwenyewe," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Mahali pa namba ya usajili, mtu ameandika nane."

Kisha sauti ya Elikia, ndogo kabisa: "Ni jezi yangu, Doctor."

Mutoni aliegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Kumbe ndiyo ile sifuri! Amekuja kutoka uwanjani, jasho halijakauka, ameulizwa namba akaandika ya mgongoni. Mwanaume mzima! Alitaka kuingia ampige na kiatu. Alitaka pia kumkumbatia, na hakujua kipi kianze.

Maswali yakaanza. Hiyo ilikuwa adhabu ya Mutoni kuliko ya Elikia. Doctor anauliza jinsi forodha inavyojua thamani ya mzigo, na Elikia anatafuta neno, analitafuta huku na huku, na neno lenyewe Mutoni analo kwenye ncha ya ulimi, linamwasha. Aliuma mdomo. Alishika benchi. Elikia akaliacha neno, akapita njia nyingine: akasema mama yake ana kikapu cha nyanya, afisa wa kwanza anasema ni kubwa, wa pili anasema ni ndogo, kwa hiyo sheria inauliza kwanza, umenunua kiasi gani, onyesha. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea miguu yote, lakini kilifika. Doctor akasema, "Hm," akaandika.

Swali la pili lilimshinda. Hakuwahi kulisikia, siku lilipofundishwa alikuwa Huye anachezea chuo. Alisema hivyo hivyo: sijui. La tatu alilijibu nusu. La nne alianza vizuri, akapotea, akarudi, akapotea tena. Kila alipokwama aligeuza uso kidogo upande wa mlango, kama mazoea yake yote ya miaka mitatu, na kila mara akajikumbuka, akaurudisha kwa Doctor.

Mwishowe Doctor akamwita Mutoni ndani.

"Kazi ni yake," alisema. "Majibu ya leo na ya kwenye karatasi yanafanana, hata makosa. Na hakuna mtu duniani anayeweza kupata makosa haya kwa kunakili kwako. Alama zako nimezifungua." Akamgeukia Elikia. "Na hilo neno lako, nimeuliza wanaojua Kifaransa. Wamecheka mpaka wamelia. Sifuri nimeifuta. Nimesahihisha karatasi yako. Umepata tisa."

Nje, kwenye ngazi, walisimama. Elikia alikuwa anatazama simu. Timu ilikuwa imefungwa mbili bila. Kocha hakuwa ameandika lolote kwake, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

"Tisa," Mutoni alisema. Joho lake limerudi, kazi yake imerudi, na bado hasira haikutaka kumwondoka hivi hivi. "Umekosa nusu fainali, umemukasirisha coach, hujui wiki yenye inakuya utalala wapi, na umepata tisa. Umefeli, Elikia."

"Nimefeli," alikubali. Alikuwa na uso wa ajabu, wa mtu anayeumwa na anayetaka kucheka. "Mais nimefeli mwenyewe."

Mutoni alimtazama. Alinyoosha kidole gumba na kumfuta jasho chini ya jicho, taratibu, pale pale kwenye ngazi za chuo, na kidole kilikaa shavuni kuliko kazi yake ilivyohitaji.

"Utarudia hilo somo," alisema. "Na notes utaandika kwa mukono wako."

"Nitaandika."

Akaanza kushuka ngazi, lakini si kuelekea mabweni. Alishika njia ya kwao Mutoni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Maman wako. Bantu batamuambia. Afazali anisikie miye."

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

Mutoni akamfuata nyuma, hatua chache, roho juu. Njiani alifungua mdomo mara mbili ampe maneno: mwambie hivi, usimwambie vile, anza na salamu za mama yako. Mara zote mbili aliufunga.

Maman Mukankusi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kitenge kiunoni, kwa kuwa alikuwa amewaona tangu mbali. Alimsalimia Elikia, hakumkaribisha. Kisha akamtazama binti yake, akingoja asimulie kama kawaida.

Mutoni akaangalia miti.

"Maman," Elikia alisema. Sauti ilikwama, akaianzisha upya. "Maman, Mutoni bamemurudishia pointi zake. Hakukosa, miye njo nilikosea neno. Na miye nimefanya mutihani kwa mudomo. Nimepata tisa."

Uso wa mama ukafunguka. "Tisa!" alisema. "Tisa juu ya kumi?"

Mutoni aliona njia nzima imefunguka mbele ya Elikia, pana, laini. Hakuhitaji hata kudanganya, alihitaji tu kunyamaza na kutabasamu lile tabasamu lake. Mama alikuwa tayari ameshasogea nusu hatua.

Elikia alivuta hewa.

"Apana, Maman," alisema. "Juu ya makumi mbili."

Kuku alipita kati yao. Maman Mukankusi alimkagua kijana yule kuanzia viatu mpaka nywele, polepole, mdomo umekazwa, kisha akatikisa kichwa kama mwanamke aliyechoka na dunia yote na wachezaji wake.

"Tisa juu ya makumi mbili," alirudia. "Na haya hauna." Akasogea kando, akauacha mlango wazi. "Ingia. Maji ya kunawa iko pale."